Kompyuta Nayo Hukimbia Joto

Ndugu msikilizaji, juzi nilipanda Lushoto kikazi. Pale Mombo, nikingoja basi, nilifungua kompyuta mpakato nimalizie maandishi ya kipindi hiki. Feni ikanguruma, herufi zikatoka kwa kujivuta. Jioni, juu kule mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, mashine ile ile ilifanya kazi bila kinyongo.

Si miujiza. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi isije ikaungua. Hata Wajerumani walioiita Lushoto Wilhelmstal walipanda huko wakikimbia joto la pwani.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa ya 4004 yenye transista 2,300. Mwaka 1993 ikaja Pentium, yenye transista milioni 3.1 na mapigo milioni 60 kwa sekunde. Watu wakaamini mapigo ndiyo kila kitu. Lakini mwaka 2004 Intel hiyo hiyo iliachana na mpango wa Pentium 4 ya mapigo bilioni 4; joto lilikuwa kikwazo kikubwa. Watengenezaji wakageukia kuweka viini viwili na zaidi katika prosesa moja, vigawane kazi.

Na hata isipopata joto, prosesa hungoja. Lori la kabichi liwe na injini yenye nguvu namna gani, mzigo ukichelewa kutoka shambani halitoki Lushoto. Kumbukumbu ikiwa ndogo, au programu ikiandikwa ovyo, kasi yote hukaa bure.

Somo hili sisi tulilipata kwa gharama. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mfumo wa hesabu za Serikali ulivurugika, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Tukachelewa miaka mingi. Kwa maoni yangu, tuliiadhibu mashine kwa kosa la maandalizi: wataalamu wetu wenyewe walikuwa wachache mno.

Basi wewe unayenunulia shule au ofisi yako kompyuta, usiulize kasi peke yake. Uliza kumbukumbu, uliza feni na vumbi, na zaidi ya yote uliza nani ataitumia. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.