Jino na Moyo, Wapi na Wapi?

Mwaka juzi nilikwenda hospitali kupangiwa tarehe ya kubadilishiwa valvu ya moyo. Daktari akaniambia nifungue kinywa. "Mzee, anzia kitengo cha meno. Bila karatasi yao sikupangii." Nilinuna. Gego langu lilikuwa limeoza miaka, fizi zikitoka damu kila nikipiga mswaki, nami niliyahesabu hayo pamoja na mvi. Pale benchini sote tulikuwa na neno moja: jino na moyo, wapi na wapi? Mama mmoja aliyesafiri usiku kucha alisema, "Nimeleta moyo, wao wanaangalia meno."

Niling'olewa magego mawili. Katika kuuguza mashavu nikaanza kusoma, nikakuta swali letu la benchini lina zaidi ya miaka mia.

Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia Montreal, akawashutumu waganga wa meno kwa kufunika kwa dhahabu uozo unaoleta maradhi mwilini. Waliomsikia wakatia chumvi. Kwa miaka mingi, Marekani na Uingereza, watu waling'olewa meno mazima eti kutibu baridi yabisi, tumbo, hata wazimu. Kwangu mimi huo ulikuwa ushabiki tu, ingawa ndani ya pumba zile palikuwa na punje.

Februari 1911, huko New York, mtunzi wa muziki Gustav Mahler alishikwa na homa isiyokatika. Ilikwishajulikana kuwa valvu zake ni mbovu. Wakamtoa damu, wakaiotesha maabara, wakaota bakteria aina ya streptokoka, wa jamii ile ikaayo kinywani. Penisilini ilikuwa bado. Akafia Vienna tarehe 18 Mei, mwenye miaka 50.

Waliolivalia njuga jambo hili ni Okell na Elliott wa London. Mwaka 1935 walitangaza matokeo yao: wagonjwa 138 walitolewa damu baada tu ya kung'olewa meno, na katika asilimia 61 streptokoka walikutwa wakielea damuni. Mwenye moyo mzima hana neno, maana mwili huwafagia wageni hao upesi. Lakini valvu yenye makovu, kama yangu iliyoharibiwa na homa ya rumatiki utotoni, ina mikwaruzo ya kushikilia. Bakteria wakinasa hapo hujenga, huzaana, na valvu ikaliwa taratibu.

Ndipo mwaka 1955 chama cha moyo cha Marekani kikaagiza penisilini kabla ya kung'oa jino. Mwaka 2007 chama hichohicho kikapunguza dawa hizo, zikabaki kwa walio hatarini zaidi, wakiwemo wenye valvu za bandia. Sababu yao ilinifanya niweke karatasi chini. Walisema kutafuna na kupiga mswaki kwa siku zote za maisha huingiza bakteria damuni mara nyingi kuliko koleo la siku moja. Kwa hiyo bora kulinda fizi kila siku.

Nikamkumbuka bibi yangu kule Pangani. Mswaki wake ulikuwa wa mti, ukikaa kwenye pindo la kanga. Kabla ya kila sala aliutafuna ncha mpaka nyuzi zikachanua, akasugua jino moja moja na fizi zake bila haraka. Ncha ikichoka, aliikata kwa kisu cha jikoni, akaanza upya. Sisi wajukuu wenye brashi za plastiki tulimcheka, nasi tukisugua asubuhi tu, mguu mmoja uko njiani kwenda shule. Sisemi mswaki wake ungeniokoa na upasuaji. Homa ile ya rumatiki ilianzia kooni, haikuanzia menoni. Ila alizikwa na meno yake karibu yote, na mimi nina mapengo.

Ewe mwenzangu wa valvu ya bandia, siku ukienda kung'oa jino, mwambie daktari habari za moyo wako kabla hajashika sindano ya ganzi. Mimi humeza amoksilini gramu 2, saa moja kabla.