Ndege za kivita za mfano, uundaji wa

Uundaji wa ndege za kivita za mfano ni kazi ya mikono ya kutengeneza nakala ndogo ya ndege ya kijeshi ya zamani bila kutumia seti ya vipande ya kiwandani. Mjenzi hukusanya michoro na picha, huchagua skeli, kisha hukata kila kipande mwenyewe kwa mbao, karatasi, waya au plastiki. Modeli ni za aina mbili: za maonyesho, ambazo hukaa kabatini, na za kuruka. Nyingi huiga ndege za Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, na Spitfire ya Uingereza imeigwa kupita kiasi.

Historia

Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa katika bustani ya Tuileries, Paris. Haikuwa ya kivita, lakini mpira wa namna hiyo bado huzungusha rafadha za modeli nyepesi hadi leo.

Miaka ya 1930 seti za mbao za Skybirds zilieneza skeli ya 1:72 nchini Uingereza, na mwaka 1936 zikafuata za plastiki za Frog Penguin. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, kazi hii ikaingia jeshini. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliomba modeli 500,000 za kufundishia askari kutambua ndege za rafiki na za adui, na wanafunzi wa shule wakazichonga kwa mbao na kuzipaka rangi nyeusi. Modeli ya 1:72 ikitazamwa kutoka mita 11 huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa karibu mita 800.

Kampuni ya Airfix ilitoa seti yake ya kwanza ya Spitfire miaka ya 1950. Plastiki ya bei nafuu ikashika soko.

Uteuzi wa ndege

Viwanda hupenda ndege zenye jina. Zisizo na jina huachiwa wajenzi wa mikono, na hapo ndipo thamani ya kazi yao inapoonekana. Mfano mzuri ni Henri Farman iliyoruka kutoka kisiwa cha Mafia mwaka 1915, wakati Waingereza walipoisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai ndege hiyo ilipigwa na kuanguka mtoni huku ikiendelea kuelekeza mizinga ya Waingereza, na siku hiyohiyo Königsberg ikaangamizwa. Ni ndege ya fito na waya tupu kwa nyuma, injini ikiwa nyuma ya rubani, kwa hiyo anayetaka kuiunda hutumia saa nyingi kufunga nyuzi kuliko kuchonga.

Vifaa na njia

Modeli za kuruka hujengwa zaidi kwa balsa, mbao nyepesi inayotoka hasa Ekwado. Mchoro hulazwa mezani, hufunikwa kwa karatasi ya nailoni ili gundi isigande juu yake, na fito hubanwa kwa pini mpaka zikauke. Mbavu za bawa la Sopwith Camel karibu zote hukatwa kwa kigezo kimoja, kwa sababu upana wa bawa haubadiliki sana. Spitfire ni taabu: bawa lake la duaradufu, lenye urefu wa mita 11.23 ncha hadi ncha, hutaka kila ubavu uchorwe peke yake.

Uzito ni adui mkubwa. Ndege za Vita ya Kwanza zilikuwa na pua fupi yenye injini nzito. Modeli haina uzito huo, hivyo mkia hujengwa mwepesi kabisa, na aghalabu risasi huongezwa puani.

Kwa modeli za maonyesho, mabamba ya plastiki yamechukua nafasi ya mbao. Kioo cha chumba cha rubani hutengenezwa kwa ustadi wa kupendeza: umbo lake huchongwa kwa mbao na kupigwa msasa hadi ling'ae, plastiki angavu hupashwa moto mpaka ilegee, kisha umbo husukumwa ndani yake kupitia tundu la ubao. Vioo vinavyoharibika ni vingi.

Rangi

Rangi huzua ubishi usiokwisha, kwani picha nyingi za zamani ni nyeusi na nyeupe. Ndege yenyewe ya kulinganishia nayo huenda haipo: hakuna Fokker Dr.I ya Kijerumani halisi iliyobaki. Ile nyekundu aliyofia rubani wa Kijerumani Manfred von Richthofen tarehe 21 Aprili 1918 ilinyofolewa vipande na watafuta kumbukumbu.

Hali ya sasa

Mashine za kukatia kwa leza na printa za 3D zimepunguza kazi ya kisu. Katika daraja la F4C la Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga (FAI), modeli hupewa alama ikiwa chini na ikiwa angani, na mshindani ndiye anayetakiwa kuleta picha na michoro ya kuthibitisha kwamba ndege yake inafanana na ile halisi.