Uzawa baada ya Mtikila: Chama, Sauti na Msamiati

Neno mzawa limetokana na -zawa, umbo la kutendwa la kitenzi -zaa. Kwa maana yake ya asili humhusu kila aliyezaliwa mahali. Katika siasa za Tanzania za miaka ya 1990 neno hilo lilibanwa, likamaanisha Mwafrika mweusi peke yake. Aliyelipaza kuliko wengine ni Mchungaji Christopher Mtikila, mwasisi wa Democratic Party (DP). Upande mmoja aliwaweka walalahoi. Upande wa pili magabacholi, jina la dharau walilobandikwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, wakiwemo raia waliozaliwa nchini.

DP ilinyimwa usajili kwa sababu mwasisi wake aliukataa Muungano na kuidai Tanganyika. Iliupata mwaka 2002. Katika uchaguzi wa 2005 Mtikila aliambulia kura za urais 31,083, chini ya asilimia 1. Umati wa mikutanoni haukuwa umegeuzwa kuwa matawi.

Udhaifu huo ulidhihirika Tarime. Mbunge wa huko, Chacha Wangwe wa CHADEMA, alifariki katika ajali ya gari Julai 2008. Katika kampeni za uchaguzi mdogo wa Oktoba, Mtikila alikizungumzia kifo hicho jukwaani. Alirushiwa mawe, akajeruhiwa. Wasikilizaji wake walikuwa weusi na wengi wao walalahoi, yaani wale wale aliodai kuwasemea. Lakini walikuwa na msiba wao na chama chao, na CHADEMA ndiyo iliyoshinda.

Ushindi mkubwa wa Mtikila ulipatikana mahakamani. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Mwasisi wa chama alikuwa amempigania mtu asiye na chama.

Mtikila alifariki kwa ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015. DP ilisimamisha wagombea wa urais mwaka 2020 na 2025, lakini sauti iliyokibeba chama haikupata mrithi. Kilichorithiwa ni msamiati: walalahoi sasa ni neno la vyama vyote.

Mzawa nalo lingali linagombaniwa. Huko huko Tarime, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, wanaodai zabuni kwa jina la wazawa ni watu wa vijiji vinavyouzunguka mgodi. Sheria za nchi huzungumzia Mtanzania. Mtunga kamusi anayelifasili neno hilo kwa rangi ya ngozi atakuwa amemnyima raia mwenzake mahali alipozaliwa.