Kiko Ndani ya Mkono wa Joho

Tumbaku iliingia katika nchi za Dola ya Uthmania mwanzoni mwa karne ya 17, na haukupita muda mrefu wanazuoni wakagawanyika juu yake. Wako walioiita haramu, wako walioiita makuruhu, na wako walioshikilia kwamba kisichokatazwa kwa nassi hubaki katika asili ya uhalali wake. Mjadala huo ungeliweza kuendelea kwa kalamu na wino. Aliyeutoa madarasani na kuupeleka kambini ni Sultani Murad wa Nne. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuunguza mitaa mingi ya Istanbul, aliifunga mikahawa ya mji huo na kuharimisha uvutaji kwa adhabu ya kifo.

Moto ndio uliotajwa. Waliohofiwa walikuwa askari. Mwaka 1622 majanisari walimwua Osman wa Pili, nduguye Murad kwa baba. Mwaka 1632 askari waasi wakaingia kasri na kumwua waziri mkuu mbele ya macho ya sultani, naye hajatimiza miaka 20. Kijana aliyeyaona hayo hakuweza tena kuutazama mkahawa kama pahala pa kunywa kahawa tu. Palipo na kiko pana barza, na barza ya askari wenye manung'uniko ilikuwa imekwishamwonyesha matokeo yake.

Msimulizi bora wa habari hizi ni Kâtip Çelebi, mwanachuoni aliyepata kuwa karani wa jeshi, katika kitabu chake Mizan al-Haqq cha mwaka 1656. Asimulia kwamba katika safari ya vita ya kuelekea Baghdad, wakubwa wa jeshi wapatao 15 au 20 walikamatwa kwa kosa la kuvuta, wakauawa kwa mateso mbele ya sultani. Walakini askari wengine walificha viko vifupi ndani ya mikono ya majoho na mifukoni, wakapata fursa ya kuvuta hata wakati wenzao wanauawa. Huyo hakuwa mtu asiyejua thamani ya roho yake. Alikuwa mtu ambaye kifo amekizoea kuliko alivyozoea kukosa tumbaku.

Murad alifariki mwaka 1640, na marufuku yake hayakudumu. Bahai Efendi, aliyeshika cheo cha Sheikhul-Islam, akatoa fatwa ya kuihalalisha. Naye mwenyewe, yasemekana, alikuwa mvutaji hodari!

Mjadala uliorudi majeshini zama zetu umevaa nguo nyingine. Sasa hauhusu uasi, wahusu mapafu, na hoja yake ni nzito: pumzi za mvutaji hukatika upesi na jeraha lake huchelewa kupona. Mwaka 2005 asilimia 32 ya wanajeshi wa Marekani walikuwa wavutaji. Mwaka 2009 jopo la wataalamu, lililotakwa rai na Wizara ya Ulinzi yenyewe, lilishauri jeshi hilo liachane na tumbaku hatua kwa hatua, likianza na vyuo vya maafisa na makuruti. Waziri Robert Gates hakukubali kuwapokonya sigara watu waliokuwa vitani Iraki na Afghanistan.

Wengi walimlaumu. Mimi naona lawama hiyo yasahau nani aliyemfundisha askari kuvuta. Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliitia tumbaku katika posho ya kila siku ya wanajeshi wake waliokuwa Ufaransa. Katika Vita Vikuu vya Pili, kila kisanduku cha chakula cha mpiganaji kilikuwa na sigara 4 kando ya biskuti, na desturi ya kutia sigara katika chakula haikukoma hadi mwaka 1975. Murad aliadhibu kitu ambacho hakukigawa. Dola iliyokigawa kwa zaidi ya nusu karne haina uso wa kumkaripia mpokeaji kana kwamba amekiokota njiani. Ina deni la kumtibu kwanza, na la kumsaidia aache.

Hata hivyo kuna katazo moja lililosimama. Tangu tarehe 31 Disemba 2010, hairuhusiwi kuvuta ndani ya nyambizi za Marekani zinapokuwa chini ya maji. Amri hiyo haikumuuliza baharia juu ya mapafu yake. Ilitazama mapafu ya wenzake asiovuta, wanaoshiriki naye hewa ile ile kwa miezi, na hawana dirisha la kufungua.