Stendi ya nyuma: Namna ya kuinua pikipiki nyumbani kwa usalama

Cheni ya pikipiki ya biashara huhitaji kusafishwa na kupakwa oili mara kwa mara. Miongozo mingi ya watengenezaji hutaka kazi hiyo ifanyike kila baada ya kilomita 500 hadi 1,000. Kwa chombo kinachotembea kilomita 100 kwa siku, hiyo ni kazi ya kila siku tano hadi kumi. Cheni ikiachwa kavu au ikilegea sana, hula meno ya sproketi, na ikikatika safarini mzigo hulala njiani.

Ili kazi ifanyike vizuri, gurudumu la nyuma linapaswa kuzunguka likiwa hewani. Hapo ndipo stendi ya nyuma inapotumika.

Nani anaihitaji?

Pikipiki nyingi za bodaboda za cc 100 hadi 150 hutoka kiwandani zikiwa na stendi ya katikati. Mwenye chombo cha aina hiyo hana haja ya kununua nyingine. Kama ya katikati imepinda au springi yake imekatika, aanze kwa kuitengeneza. Stendi ya nyuma inawafaa wenye pikipiki zenye stendi ya pembeni pekee, zikiwemo nyingi za aina ya spoti.

Aina zake

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza ina vishikio vya umbo la L vyenye mpira, vinavyokaa chini ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Ya pili ina vishikio vya umbo la V vinavyodaka vipande vya duara vilivyofungwa kwenye mkono huo kwa skrubu za milimita 6, 8 au 10. Muuzaji anapaswa kumuuliza mteja kama pikipiki yake ina matundu ya skrubu hizo. Kama haina, anayefaa kuuziwa ni yule wa umbo la L.

Aidha, anayevusha stendi mpakani akumbuke kuwa bidhaa iliyotengenezwa nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haigeuki kuwa ya Jumuiya kwa sababu tu imenunuliwa Nairobi au Kampala. Cheti rahisi cha uasili, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zenye asili ya nchi wanachama.

Kuinua

1. Chombo kiegeshwe kwenye saruji tambarare. Kwenye udongo, magurudumu ya stendi huzama.
2. Injini izimwe, ufunguo utolewe, gia iwe huru na mizigo ishushwe. Watoto wakae mbali.
3. Upana wa vishikio urekebishwe ulingane na mkono wa nyuma, bila kugusa breki wala bomba la moshi.
4. Mtumiaji asimame upande wa kushoto akiielekea pikipiki. Mkono wa kushoto ushike keria na kuisimamisha wima, wa kulia ushike mpini wa stendi. Stendi ya pembeni ibaki imefunguliwa.
5. Vishikio vyote viwili vikishagusa sawasawa, mpini usukumwe chini taratibu hadi ufike sakafuni. Kimoja kikiteleza, kazi ianze upya.

Kwa anayeanza, mtu wa pili ashike usukani kutoka mbele. Pikipiki za ukubwa huo huzidi kilo 100, na ikidondoka huweza kuvunja mguu.

Wakati wa kazi

Gurudumu lizungushwe kwa mkono tu. Kusafisha cheni huku injini ikizungusha gurudumu ni hatari, kwani kitambaa kikinaswa huvuta vidole kwenye sproketi. Hakuna anayeruhusiwa kukaa juu ya chombo kilichoinuliwa.

Kuhusu ulegevu wa cheni, kitabu cha pikipiki kifuatwe. Baadhi ya watengenezaji hutaka ipimwe chombo kikiwa kwenye stendi ya pembeni, hivyo kipimo kilichochukuliwa gurudumu likiwa hewani huweza kupotosha.

Kushusha

Kabla ya kugusa mpini, ihakikishwe kuwa stendi ya pembeni imefunguka hadi mwisho. Ikisahaulika, hakuna kitakachozuia chombo kuanguka. Keria ishikwe imara, kisha mpini uinuliwe polepole.

Ikiwa ekseli imesogezwa, nati zake zikaguliwe na breki ya nyuma ijaribiwe kabla ya kuingia barabarani. Kwenye breki za ngoma, kusogeza gurudumu hubadilisha mchezo wa pedeli.