Teja Asiyemo Daftarini

Juzi mzee mmoja wa Ngamiani aliniuliza: hapa Tanga tuna mateja wangapi? Swali ni fupi, lakini historia yake ni ndefu.

Heroini iliingia pwani yetu katika miaka ya 1980. Vijana waliivuta, mara nyingi pamoja na bangi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja unga mweupe, unaoyeyuka kirahisi majini, na wengi wakahamia kwenye sindano. Kwa muda mrefu hesabu zilitoka katika madaftari mawili. La polisi huandika waliokamatwa. Msako ukizidi, idadi hupanda hata kama watumiaji hawakuongezeka. La hospitali huandika waliofika. Aliyejificha hayumo kokote.

Wataalamu wana njia nyingine. Tuchukue mfano. Tunagawa bangili 100 kwa mateja katika maskani zao. Baada ya wiki mbili tunarudi na kuwauliza mateja 100, bila kuchagua. Ikiwa 20 kati yao walipewa bangili, basi wale 100 wa kwanza ni kama sehemu moja ya tano ya wote. Wote ni kama 500. Hayo ni makadirio tu, kwani wanaotumia kwa siri majumbani, hasa wanawake, hata bangili haiwafikii.

Mwaka 2014 wataalamu wetu walikadiria kuwa wanaojidunga Tanzania Bara ni kama 30,000. Wanaovuta hawakuwamo. Kwa hiyo anayesema mateja wote ni 30,000 amesoma nusu ya habari.

Kwa nini tujali tarakimu? Kwa sababu dawa na wahudumu hupangwa kwa tarakimu. Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na baadaye Bombo hapa Tanga ikapata kliniki yake. Dawa hiyo hunywewa kila siku. Asiyehesabiwa hapangiwi dozi.

Nilicheza mpira Makorora na kijana aliyekufa kwa unga. Nyumbani kwao walisema ni malaria. Mimi, mwandishi wa habari, nilijua na nikanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi hata kilio tulikificha.

Basi mzee wangu, jibu ni hili: ni wengi kuliko waliomo daftarini, na rafiki yangu alikuwa mmoja wao.