Nyumba za wafumaji, na ile ya bibi

Huku London mimi mzima, baridi tu. Leo nawaletea historia kidogo.

Mwaka 1685 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta amri iliyowalinda Waprotestanti. Maelfu walikimbia, na wengi wao, wafumaji wa hariri, wakatua Spitalfields, mashariki ya London. Huko nyumba ilikuwa makazi na karakana pamoja: familia chini, mitambo ya kufumia juu kabisa penye madirisha mapana, maana hariri inataka mwanga.

Karne ya 19 biashara ikaporomoka, nyumba zikachakaa. Mwaka 1977 nyumba za Elder Street zilipotaka kubomolewa, watu waliotaka kuziokoa waliingia wakakaa humo humo, zikanusurika. Mwaka 1979 Mmarekani Dennis Severs alinunua namba 18 Folgate Street, akaitengeneza chumba kwa chumba huku akiishi humo, hadi alipofariki 1999.

Nyumba hizo ni za matofali na chokaa, kama zetu za Mji Mkongwe ni za mawe na chokaa. Chokaa huachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, ukuta ukaoza kimya kimya, kama kidonda kilichozibwa na usaha wake.

Basi Ami, kabla fundi hajaipiga saruji nyumba ya bibi, mzuie. Hamieni kwanza, fungueni madirisha, na cherehani ya dada iwekwe ghorofani kwenye mwanga. Chokaa nitachangia mimi.

Nisalimieni wote.